Filta Niliyoifua kwa Omo

Mwanamke aliyejua injini kuliko wote, kutoka Chekalini mpaka Lumakanda, alikuwa mimi. Cheo hicho sikujipa. Watu walinipa, nami nikakivaa kama koti, na hata jua lilipowaka sikukivua. Shule niliishia darasa la tano. Kusoma najua, kujumlisha najua, kutoa najua. Mengine yote nilifunzwa na trekta.

Marehemu mume wangu aliendesha trekta kwenye shamba la Mzungu kabla ya Uhuru, na mashamba yalipogawanywa akaendelea kuwalimia wenyeji. Kila Jumamosi aliileta nyumbani, naye akienda kuoga, mimi nilibaki na kazi yangu: filta ya hewa. Trekta zile za zamani filta yao haikuwa ya karatasi. Lilikuwa kopo la chuma, chini yake bakuli, na ndani ya bakuli oili. Hewa ikipita juu ya oili, vumbi linanasa humo, injini inavuta hewa safi. Nilifungua bakuli, nikamwaga oili chafu, nikasugua kwa mafuta ya taa, kisha nikamimina oili mpya mpaka kwenye mstari. Isipite mstari, isipungue mstari. Nilifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Madereva wengi waliokuja baadaye, mimi ndiye niliyewaonyesha mstari ule kwa kidole hiki.

Sasa mtu mwenye sifa kama hizo, mwanawe akinunua gari, atakaa kimya kweli?

Mwanangu Chrispinus alinunua gari mwaka uliofuata zile mvua za El Nino. Lilikuwa steshen wagon jeupe la Kijapani, limekwisha kutembea sana huko kwao, na redio yake haikushika stesheni hata moja ya Kenya. Chrispinus ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa mahindi, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Alilipenda gari lile mpaka mkewe, Pascalia, akawa anamwuliza kama atalileta mezani wale pamoja.

Fundi wake alikuwa Umar. Umar ni mtoto wa Mumias, alikuja kwetu akiwa na begi la spana na baiskeli, akapanga chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga pale Lumakanda. Mkewe, Swafia, na mtoto wao mchanga aliwaacha Mumias kwa wazazi, maana kile chumba, akinyoosha miguu, inatokea mlangoni. Siku hizo kikundi chetu kilikuwa kimenunua lori na kinatafuta fundi wa kudumu. Atakayepata kazi atapewa na nyumba ya vyumba viwili pale stoo. Kamati ilikuwa ikae Jumanne saa nane mchana kuchagua, na katika kamati ile neno la Chrispinus lina uzito. Umar alikwisha kumwandikia Swafia ajiandae. Aliniambia mwenyewe.

Kila akifika kwetu alinisalimu kwanza, kabla ya gari.

"Asalaam aleikum, Kukhu."

"Waaleikum salaam, mume wangu."

Kwetu Kukhu ni nyanya, na nyanya humwita mjukuu wake mume, na Umar nilimfanya mjukuu siku ya kwanza tu. Nilimtegea kitendawili: taa yangu huwaka nikikimbia, nikisimama inazimika. Hakufikiri hata kidogo. "Dainamo ya baiskeli, Kukhu." Wanangu niliwatega hicho miaka miwili, wakaniambia ni kimulimuli.

Basi Ijumaa moja ya Januari Umar akalifanyia gari sevisi. Akabadilisha oili, akasafisha plagi, akafunga boneti, akaenda kuswali. Jumapili tukatoka kanisani, tukala obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, Chrispinus akalala kwenye kiti, mdomo wazi. Nje vumbi lilikuwa limejaa njiani mpaka majani ya ua wa kei yamekuwa mekundu. Nikaliangalia gari. Nikaliangalia vumbi. Koti langu la sifa likaanza kuniwasha.

Nilikuwa nimemwona Umar akivuta kile kishikio cha boneti. Nikavuta. Ndani mle mambo mengi sikuyajua, lakini sikuyauliza. Nilitafuta filta ya hewa tu. Nikaona sanduku jeusi la plastiki lenye vibanio vinne. Nikafungua. Humo mlikuwa na karatasi iliyokunjwakunjwa kama sketi ya malinda, na ilikuwa kavu. Hata tone la oili hakuna! Nikatia kidole pembeni, nikatia chini. Kavu!

Yaani Umar, fundi mzuri hivi, amesahau oili?

Nilisimama pale nikamhurumia kwa dhati. Nikajiambia, Navalayo, mwanao akiligundua hili, Jumanne mtoto wa watu hapati kazi. Mfunikie aibu yake. Nikaenda stoo, nikachukua ile oili safi tunayoweka ya kulainishia mashine ya kupukuchua mahindi, nikapima vikombe viwili vya chai. Nilitafuta mstari, sikuuona. Nikasema Wajapani nao wana uvivu wao. Nikamimina. Ile karatasi ikanywa kama ndama aliyefungiwa. Nikaiongezea kikombe cha tatu. Nikafunga vibanio vyote vinne, nikashusha boneti polepole, nikanawa mikono, nikaimba pambio. Sikumwambia mtu. Niliona nimetenda wema mkubwa kiasi kwamba kuusema kungeuharibu.

Jumatatu Chrispinus akaondoka kwenda Matete kuonana na wakulima wa huko. Alirudi saa kumi, lakini si kwa nguvu zake. Alivutwa kwa mnyororo na trekta ya Kiptoo, jirani yetu ambaye pia ni mwanakamati. Kiptoo alikuwa mbele juu ya trekta, ameketi wima kama chifu. Mwanangu nyuma, ndani ya gari jeupe, ameshika usukani kana kwamba ndiye anayeendesha.

"Imekohoa tangu njia panda," akasema aliposhuka. "Moshi mweusi kama tanuri la mkaa. Mlimani haipandi. Na taa ya injini imewaka haizimiki. Huyu Umar ameniharibia gari! Nimewaambia wote pale Matete. Nimewaambia, mtu yule asiguse lori letu."

Kiptoo akatikisa kichwa. "Mafundi wa siku hizi," akasema, akaniangalia mimi kama mtu anayetaka nikubali. Nikakubali! Kichwa changu mwenyewe kilitikisika.

Chrispinus alipoingia ndani, nikafungua lile sanduku. Oili ilikuwa imejaa chini kama mchuzi, na nyingine imevutwa ndani ya bomba kubwa linaloelekea kwenye injini. Hapo ndipo mtu mwenye akili angemwita mwanawe. Mimi nilifunga vibanio.

Jumanne alfajiri, nikienda kukamua, nikapitia kwenye gari nikaitoa ile filta. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana. Nitaifua, itakauka, nitairudisha kabla Umar hajafika saa nne, na gari litapona lenyewe kama mtu aliyetapika. Nikaifua kwa Omo na maji ya uvuguvugu. Nikaisuuza mara tatu. Nikaianika kwenye ua nyuma ya jiko, kati ya soksi za Chrispinus. Ikavimba. Malinda yakafunguka. Kila nikiikunja upande huu, upande ule unainuka. Nikaiacha palepale, nikalifunga lile sanduku la gari likiwa tupu, nikaketi barazani kumenya njugu karanga kama mama asiye na neno na mtu.

Umar alifika saa mbili, si saa nne. Alikuwa amesikia maneno ya Matete.

"Asalaam aleikum, Kukhu."

"Karibu," nikasema.

Akasimama. "Mbona leo huniiti mume?"

"Macho yanauma."

Chrispinus akatoka amevaa suti ya kamati. Hakumpa mkono. "Umar, gari hili lilikwenda vizuri mpaka Ijumaa ulipolishika. Jana nimepiga simu pale posta, nimeongea na fundi mmoja wa Eldoret. Amesema taa hiyo na moshi huo, sensa ya hewa imekufa. Dawa ni kutoa na kuweka mpya, inaagizwa Nairobi. Na amesema fundi atakayeniambia sensa inaoshwa, huyo ni wa kando ya barabara."

Mimi sensa niliyoijua ni ile ya kuhesabu watu. Nikaendelea kumenya.

"Mzee," Umar akasema, "kabla ya kuzika mtu, si tumshike mapigo kwanza?"

Akafungua lile bomba kubwa, akatoa kitu kidogo kama kidole gumba chenye dirisha, akakiinua juani. "Njoo uone. Huu hapa ndani ni waya, mwembamba kuliko unywele. Unapashwa moto na umeme. Hewa ikipita inaupoza, na hapo injini inajua imevuta hewa kiasi gani, na petroli iwe kiasi gani. Sasa umepakwa oili. Ni kama mtu amefunikwa blanketi, upepo unapita hausikii. Anadanganya injini, injini inajimwagia petroli ovyo. Moshi ndio huo."

"Kwa hiyo imekufa."

"Haijafa. Ni chafu. Inaoshwa."

"Eldoret wamesema..."

"Eldoret hawajaiona, Mzee. Lakini hata tusibishanie kuosha na kubadilisha. Mimi nataka kujua oili imetoka wapi. Nisipojua, weka mpya leo, wiki ijayo nayo imepakwa, utaagiza nyingine." Akaingiza kidole ndani ya bomba, akakitoa kinang'aa. "Oili hii ni safi. Kama injini ingekuwa inajitapikia, ingetoka nyeusi."

Njugu ikanikwama kooni. Nikakohoa mpaka Pascalia akauliza kutoka jikoni kama nataka maji.

Umar akafungua vibanio vinne. Akainua kifuniko. Akatia mkono ndani.

"Mzee, filta iko wapi?"

"Unaniuliza mimi?" Chrispinus akasogea. "Ijumaa nani alifungua hapa?"

"Mimi. Niliitoa, nikaikung'uta vumbi, nikairudisha. Wallahi nilirudisha."

"Basi imetembea kwa miguu."

"Mzee..."

"Kuna rafiki yako ana gari kama hili? Alikuwa anahitaji filta? Sema tu!"

Umar alipiga magoti akafungua begi lake la spana na kuanza kupekua, akatoa bisibisi, akatoa tambara, akatoa plagi kuukuu, akatafuta mpaka kwenye mifuko midogo ya pembeni. Mtu mzima, anajipekua mwenyewe kama vile mikono yake imeiba bila kumwambia! Hapo njugu zikanimwagika.

"Sihitaji kusema mengi," Chrispinus akasema. "Saa nane kamati inakaa. Nitawaambia nilichokiona. Lori la familia mia mbili si la kujifunzia."

Nilijua lazima niseme. Lakini mdomo wangu una ugonjwa: jambo likiwa gumu, hautoki moja kwa moja, unazunguka.

"Kitendawili!" nikasema.

"Mama, tafadhali. Si sasa."

Umar, adabu haikumwacha hata akiwa chini pale magotini. "Tega, Kukhu," akasema kwa sauti ndogo.

"Nina mwizi wangu. Anaamka kabla ya jogoo, anakamua ng'ombe, anakula meza moja na mwenye nyumba. Ameiba kitu, akakifua, akakianika."

Nikangoja. Niliona kitendawili kimekuwa wazi mno, hata nikaona haya. Chrispinus akakunja uso, akahesabu kwa macho, kisha akageukia jikoni.

"Pascalia!"

Nikasema moyoni, Yesu wangu, sasa nimeingiza mwingine.

Pascalia akatoka na mwiko mkononi. "Nini tena?"

"Umetoa filta kwenye gari?"

"Filta ndiyo nini?"

"Kitu kimefuliwa kikaanikwa! Na mama amesema ni mtu anayekamua ng'ombe na kula mezani kwangu."

"Mimi nikamue ng'ombe za mama?" Pascalia akashika kiuno. "Tangu nimwage ile ndoo mwaka juzi amenipa ruhusa ya kuwakaribia? Ng'ombe zile hukamuliwanga na mtu mmoja tu hapa, na wewe unamjua. Usinitie kwenye mambo ya gari lako. Uji wangu wa wimbi unaungua."

Akarudi ndani. Umar ameniangalia, Chrispinus ameniangalia.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyetia oili, na ni mimi niliyetoa filta."

Chrispinus akacheka. Kicheko kisicho na furaha. "Mama, huruma yako naijua. Unataka kumfunika huyu. Wewe na filta? Mtu aliyefundisha nusu ya madereva wa Lugari? Mwingine angesema hivyo ningeamini."

Hebu ona. Sifa zangu mwenyewe zilisimama mlangoni kunizuia nisikiri. Nikaondoka, nikaenda nyuma ya jiko, nikarudi na filta mikononi. Ilikuwa imevimba, imepinda kama kiatu kilichonyeshewa, na soksi moja ya Chrispinus imenata upande mmoja. Nikaiweka juu ya injini mbele yao wote wawili.

Umar akaiokota. Akaitazama. Akainusa.

"Omo?"

"Nilisuuza mara tatu."

Chrispinus akaibandua soksi yake, akaketi kwenye bampa la mbele bila kuangalia kama suti itachafuka.

Nikawaeleza yote. Nikaeleza bakuli la trekta, na mstari, na vile nilivyoikuta karatasi kavu nikadhani ni uzembe. Nikasema vikombe vitatu; kwanza nilitaka kusema viwili. Umar alinisikiliza mpaka mwisho, ameishika ile filta kama mtoto aliyelowa.

"Hii huwekwanga kavu, Kukhu," akasema. "Ni karatasi. Inazuia vumbi kwa ukavu wake. Ikichoka inatupwa, inawekwa nyingine."

"Sasa nimejua."

"Uliiona kavu ukadhani mimi nimesahau."

"Nilidhani."

"Hukuniuliza."

"Nilitaka kukusaidia kimya kimya, usionekane mbaya."

Akainamisha kichwa. "Kila siku unaniita mume, Kukhu. Ungeniuliza tu. Ningekuja hata usiku huo kukueleza."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Nilimwonea huruma kwa kosa ambalo hakulifanya, na huruma ile ndiyo ilikuwa inamrudisha Mumias na begi lake.

Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mzee anataka kubadilisha kinachooshwa," akasema, "na Kukhu ameosha kinachobadilishwa. Nyumba hii mnaishije?"

Kutoka jikoni Pascalia akacheka mpaka sufuria ikalia. Chrispinus alijaribu kukaza uso, akashindwa.

Saa ilikuwa tatu na nusu. Umar akagawa kazi. Filta mpya ilipatikana duka la spea kule Turbo, na aliyekuwa na baiskeli nzuri ni Umar, lakini aliyejua kuosha sensa ni huyo huyo Umar. Kwa hiyo katibu wa kikundi akapanda baiskeli ya fundi, tai yake begani, akatimua vumbi kuelekea Turbo. Watu wa njiani walisema baadaye walidhani amefiwa.

Mimi nikaulizwa kama tuna spiriti. Tulikuwa nayo, ile ya kupanguzia vidonda, na nilikuwa na sindano kubwa ya kudungia ng'ombe. Umar akatoa ncha ya chuma, akavuta spiriti, akaanza kuinyunyizia ile sensa polepole. Tone la oili likadondoka, jingine, jingine.

Nikainua pembe ya leso yangu. "Ngoja nikusaidie kupangusa."

"Kukhu! Toa leso!" Aliruka kama nimeshika nyoka. "Waya huu ukiguswa tu, umekatika. Hapo ndipo utakufa kweli, na wa Eldoret atakuwa amesema kweli. Hauguswi kwa kitambaa, hauguswi kwa kidole. Unanyunyiziwa, unaachwa."

"Na kupuliza?"

"Hata kupuliza."

Nikaweka mikono mgongoni. Ni vigumu, jamani. Umezoea miaka ishirini na miwili kusugua, leo unaambiwa usafi wenyewe ni kutogusa. Akanyunyizia mara tano, kisha akaiweka kwenye ungo wangu safi kivulini ikauke. Akapangusa lile sanduku na lile bomba lote kwa petroli na tambara, na hapo aliniruhusu nisaidie, lakini aliniangalia kila mara kama mama anayemwangalia mtoto karibu na moto. Akachomoa waya wa betri. "Injini isahau uongo iliyoambiwa," akasema, akanipa kazi ya kuhesabu mpaka mia tatu. Nilihesabu kwa sauti. Kazi hiyo niliifanya bila kosa.

Chrispinus alirudi saa sita na robo, mwekundu wa vumbi mpaka kope. Umar akaweka filta mpya, kavu. Niliiangalia ilivyokuwa kavu na kidole changu kikaniwasha, nikakikalia. Akarudisha sensa, akawasha. Gari likakohoa. Likazima. Chrispinus akafumba macho. Umar akawasha tena. Moshi mweusi ukatoka kidogo, ukawa wa kijivu, ukaisha. Injini ikanguruma taratibu. Taa haikuwaka.

Chrispinus akampa mkono Umar. Akaushika kwa muda mrefu. "Nimekukosea," akasema. "Saa nane nitasema kweli mbele ya kamati."

Kisha uso wake ukabadilika. "Lakini jana nimewaambia wote. Matete nzima nimeitangazia. Leo nikisimama niseme fundi hana kosa, gari lilichezewa nyumbani kwangu, watasema katibu anamfunika mtu wake. Kiptoo ndiye alinivuta, ameona kwa macho yake."

Hakuniangalia alipokuwa akisema hayo. Mwanangu ana heshima. Umar naye akawa anakusanya spana zake moja moja, na kila moja aliipangusa zaidi ya ilivyohitaji.

Nilijua nani anatakiwa aseme. Nilitafuta kwa bidii mtu mwingine wa kumtuma, sikumpata.

"Ningojeeni nibadilishe kitambaa cha kichwa," nikasema.

Kamati hukaa ndani ya stoo ya kikundi, juu ya magunia. Walikuwa wanaume tisa na wanawake wawili, na karibu nusu yao niliwaonyesha mstari wa oili. Mwenyekiti ni Mzee Oduor, mtu mpole anayesinzia mkutano ukirefuka. Akaniruhusu kusema, maana mimi ni mmoja wa walioanzisha kikundi.

"Leo sina kitendawili," nikaanza.

"Basi ni mgonjwa," mmoja akasema, wakacheka.

Nikawaambia yote. Wakati wa vikombe vitatu walikuwa bado wanadhani nasimulia habari za mtu mwingine. Nilipofika kwenye Omo, Mzee Oduor alikuwa macho kabisa. Nilipofika kwenye soksi, mama mmoja akashuka kwenye gunia akakaa chini kabisa, anajifuta machozi. Nikasimama pale katikati, nikawaacha wacheke. Waliocheka zaidi ndio niliowafundisha.

"Kwa hiyo," nikasema, "fundi huyu mnayetaka kumnyima kazi ndiye pekee aliyeuliza oili imetoka wapi. Mwanangu alitaka kununua sensa. Mimi nilitaka kuficha filta. Yeye aliuliza. Kosa ni langu, na mkitaka nililipie kwa kufagia stoo hii, nitafagia."

Kicheko kikaisha kidogo kidogo. Ndipo nikaona Kiptoo hajacheka hata mara moja. Alikuwa ameangalia viatu vyake.

"Mama Chrispinus," akasema.

"Naam."

"Ile pikapu yangu mpya."

"Imefanya nini?"

"Desemba ulinikuta nimefungua boneti pale sokoni. Ukaniambia filta kavu ni uvivu wa dereva."

"Nilikuambia?"

"Uliniambia. Nikatia oili. Tangu Krismasi haivuti, nikadhani ni petroli mbaya."

"Ulitia kiasi gani?"

"Kama ulivyonifundisha zamani. Mpaka kwenye mstari." Akakohoa. "Haikuwa na mstari. Nikachora."

Stoo nzima ikapasuka. Mzee Oduor aligonga gunia mpaka unga wa mahindi ukaruka. Kiptoo mwenyewe akaanza kucheka, na alipopata pumzi akasema, "Mwiteni huyo fundi aingie, maana mimi peke yangu nina kazi ya kumpa."

Umar aliitwa kutoka nje, alikosimama karibu na lori ameshika kofia yake mkononi. Mzee Oduor akamwambia kazi ni yake, akamkabidhi ufunguo wa ile nyumba ya vyumba viwili. Umar aliushika ule ufunguo kwa mikono miwili, akasema Alhamdulillahi, kisha akageukia mbali kidogo, na sisi wote tukaangalia paa ili asitaabike.

Aliporudi kutuangalia, akasema ana ombi moja kabla ya kutia sahihi. Boneti ya lori isifunguliwe na mtu mwingine yeyote.

"Mtu yeyote?" Mzee Oduor akauliza.

"Yeyote, Mwenyekiti." Akanitupia jicho. "Hata kama ana nia njema."

"Tupige kura," Mzee Oduor akasema. "Wanaokubali?"

Niliinua mkono kabla hajamaliza neno. Nikaona hautoshi, nikainua na wa pili.

"Mmoja tu, Kukhu," Umar akasema. "Mmoja unatosha."